Beach Boys: walikuwa kwaya kabla ya kuwa bendi

Swali: "Mwalimu, shikamoo. Mimi ni kijana wa Tanga, naimba sauti ya tatu katika kwaya ya vijana. Brian Wilson alipofariki, kaka yangu anayeishi Marekani alinitumia nyimbo za kundi lake, Beach Boys, akasema hajapata kusikia sauti zilizopangwa vizuri kuliko zao. Nimezisikiliza, ila nasikia mawimbi, magari na wasichana basi. Naomba unieleze safari yao ya muziki ilikuwaje na kwa nini wanaheshimiwa hivyo. Tena, kuna wimbo wao ambao kwaya yetu inaweza kuujaribu?"

Marahaba, mwanangu. Kaka yako amesema kweli, na wewe umesikia kilichopo. Nyimbo zao za miaka ya mwanzo zinahusu hayo hayo: ubao wa kutelezea kwenye mawimbi, gari la mwendo wa kasi, binti aliyekaa mchangani. Mimi nilipozisikia mara ya kwanza kwenye kanda ya kuazima, niliirudisha kwa mwenyewe wiki ile ile. Nilikuwa nimefuata maneno. Ilinichukua miaka kadhaa kurudi na kusikiliza kilicho chini ya maneno, na tangu hapo sijawaacha.

Kwa hiyo tuanzie nyumbani kwao, kwa sababu kila kitu kilitoka pale. Hawthorne ni mji mdogo pembeni mwa Los Angeles, kilomita chache kutoka baharini. Kwenye nyumba ya Murry na Audree Wilson kulikuwa na watoto watatu wa kiume: Brian, aliyezaliwa 1942, Dennis wa 1944, na Carl wa 1946. Baba alikuwa na biashara ya mashine, na akitoka kazini alitunga nyimbo ambazo hazikufika mbali. Alikuwa mkali kupita kiasi, na Brian ameeleza wazi jinsi walivyopigwa. Lakini nyumba ile ilikuwa na muziki. Mama alipiga kinanda, na wale ndugu watatu walilala chumba kimoja. Usiku, taa zikizimwa, Brian aliwafundisha wadogo zake kuimba kwa sauti tatu wakiwa vitandani.

Hapo ndipo utaona mkono wa mwalimu wa kwaya. Brian alikuwa amependa mno kundi la Four Freshmen, wanaume wanne waliopanga sauti zao kwa mtindo wa jazi, zikikaribiana sana na kuleta utamu wenye uchachu kidogo. Alikaa kwenye piano na santuri zao, akicheza kipande, anasimamisha, anatafuta noti ya sauti ya kwanza. Anarudia kipande kile kile, anatafuta ya pili, kisha ya tatu, hadi ameufungua wimbo wote kama mtu anayefumua mkeka ili ajue ulivyosukwa. Akishazipata zote anawagawia ndugu zake na mama yake. Na kijana huyu alikuwa karibu kiziwi kwa sikio la kulia. Sikio moja ndilo lililofanya kazi yote hiyo. Ndiyo sababu santuri zake kubwa alizitengeneza kwa sauti ya njia moja, wakati wenzake walikuwa wanahamia kwenye stirio.

Akaongezeka binamu yao, Mike Love, mwenye sauti nzito ya puani, na Al Jardine, mwenzake Brian wa shule aliyependa nyimbo za asili. Sasa safu imetimia. Mike yuko chini kwenye besi, na mara nyingi ndiye anayeongoza beti zenye kasi. Brian yuko juu kabisa, kwa ile sauti nyembamba ya kichwani ambayo mwanamume huipanda akiacha kifua. Carl, Al na Dennis wanajaza katikati. Wewe wa sauti ya tatu unajua katikati ndiko kwenye kazi: hakuna anayekusifu ukipatia, na wote wanageuka kukutazama ukikosea.

Kuna jambo ambalo mafunzo pekee hayalileti. Ndugu waliokulia meza moja hutamka irabu kwa namna moja. "A" ya Carl na "a" ya Brian ni moja, mdomo umefunguka sawasawa. Kwaya zetu nyingi zinapoteza utamu hapo: noti ziko sahihi, lakini huyu "e" yake imetanuka na yule ameibana, sauti zinakaa kando kando kama mafuta na maji. Kwa Wilson hilo lilikuwa limeshakwisha kabla hawajaingia studio.

Na bahari je? Bahari ililetwa na Dennis. Katika wote, yeye ndiye aliyekuwa anateleza kwenye mawimbi kweli kweli, na mwaka 1961 ndiye aliyewaambia wenzake kwamba mchezo ule umeshika vijana wote wa pwani, watunge wimbo juu yake. Wakatunga "Surfin'". Jina walilojipa lilikuwa Pendletones, kutokana na shati za sufu za Pendleton zilizovaliwa na vijana wa ufukweni. Kampuni ndogo iliyotoa santuri ikalibadilisha bila kuwauliza. Walipofungua boksi la santuri wakakuta wameandikwa Beach Boys. Wimbo ulifika nafasi ya 75 kwenye chati ya Marekani mwanzoni mwa 1962, na jina likawaganda maisha yote. Sehemu kubwa ya shida zao za baadaye ilianzia kwenye boksi lile.

Niseme kidogo kuhusu muziki wenyewe wa mawimbi, kwa sababu mtu wa Pwani ana sikio nao. Kabla ya Beach Boys ulikuwa muziki wa gitaa bila kuimba. Mkubwa wao alikuwa Dick Dale, ambaye ukoo wa babake ulitoka Lebanon. Aliwahi kuwasikia wazee wake wakipiga udi, akachukua ile mipigo ya haraka ya mkono na kuitia kwenye gitaa la umeme. Kibao chake cha 1962, "Misirlou", ni tuni ya zamani ya upande wa mashariki wa Bahari ya Kati. Mtu aliyezoea taarabu akiisikia, ataijua njia ile ya noti hata kama gitaa linapiga kelele. Walichofanya Beach Boys ni kuuwekea muziki huo kwaya juu yake. Hakuna aliyekuwa amefanya hivyo kwa ufundi ule.

Capitol, kampuni kubwa, iliwachukua 1962, na mwaka 1963 "Surfin' U.S.A." ukafika nafasi ya tatu. Hapa anayewapenda lazima aseme ukweli wote: tuni ya wimbo ule ni ya Chuck Berry, mwanamuziki Mweusi wa rock, kutoka "Sweet Little Sixteen" wa 1958. Mwanzoni santuri ilimtaja Brian peke yake kama mtunzi. Haki za wimbo zilikwenda kwa kampuni iliyomiliki nyimbo za Berry, na jina la Berry likaja kuandikwa baadaye. Rock ya vijana weupe wa California ilijengwa juu ya kazi ya Weusi, na deni lile lilistahili kutajwa tangu siku ya kwanza.

Mwaka ule ule Brian aliwapa rafiki zake wawili, Jan na Dean, wimbo alioshiriki kuutunga, "Surf City", nao ukawa wimbo wa kwanza wa mawimbi kushika nambari moja Marekani. Baba yake, ambaye ndiye alikuwa meneja wa kundi, alikasirika sana kwamba mwanawe amegawa nambari moja nje ya nyumba. Lakini sikiliza walichobaki nacho wenyewe: "In My Room", wa 1963. Sauti ya Brian inaanza peke yake, nyingine inaingia pembeni yake, kisha nyingine. Ni kile chumba cha Hawthorne na vitanda vile. Hakuna gari humo wala wimbi. Kijana wa miaka 21 anaimba juu ya kujifungia na hofu zake, na mashabiki waliokuja kwa ajili ya ufukwe wakaupokea.

Februari 1964 Beatles, kundi la Uingereza, wakatua Marekani, kwa kampuni ile ile ya Capitol. Makundi mengi ya California yalizimika. Beach Boys walijibu kwa "I Get Around", uliokuwa wimbo wao wa kwanza kushika nambari moja, Julai 1964. Na wakati wa kuurekodi ndipo walipomwondoa Murry kwenye umeneja. Fikiria uzito wa watoto kumwambia baba yao hivyo, katika nyumba kama ile. Kisha tarehe 23 Desemba 1964, ndani ya ndege iliyokuwa inakwenda Houston, Brian alishikwa na hofu kuu, akalia na kupiga kelele. Baada ya hapo aliwaambia wenzake kwamba hataendelea na safari za majukwaani. Wao waende, yeye atabaki studio kutunga na kurekodi. Nafasi yake ilishikwa kwa muda na Glen Campbell, kisha Bruce Johnston, aliyekuja 1965.

Kwa maoni yangu, siku ile ya ndege ndiyo iliyoamua mengi kuliko nambari moja zote. Kuanzia hapo kulikuwa na Beach Boys wa barabarani, wenye shati za mistari, na Beach Boys wa studio, ambao walikuwa sikio la Brian pamoja na wapiga vyombo wa kukodi wa Los Angeles. Hao ndio waliojulikana baadaye kama Wrecking Crew, na miongoni mwao walikuwemo Hal Blaine kwenye ngoma na Carol Kaye, mwanamke aliyepiga gitaa la besi. Wenzake wakirudi safari wanakuta muziki umeshapigwa, wanapewa sauti zao, wanaimba. Na wanaimba mara nyingi! Mike Love alikuwa akilalamika kwamba Brian anasikia makosa ambayo binadamu mwingine hayasikii.

Matunda yake ni "Pet Sounds", albamu iliyotoka tarehe 16 Mei 1966. Brian alikuwa ameisikia "Rubber Soul" ya Beatles na kuona albamu nzima inaweza kuwa kitu kimoja, isiwe gunia la nyimbo. Maneno mengi aliyaandika na Tony Asher, kijana aliyekuwa akifanya kazi ya matangazo ya biashara. Vyombo vilivyomo utashangaa: kodiani, ile ile unayoijua kwenye taarabu ya Zanzibar, kengele na honi ya baiskeli, na kwenye "Caroline, No" ule mlio wa ngoma unaoufungua wimbo ni Hal Blaine anagonga chupa kubwa tupu ya maji ya kunywa. Kwenye "You Still Believe in Me" Asher aliinama ndani ya piano akikwaruza nyaya huku Brian amebonyeza funguo. Mtu asiyejua atadhani ni chombo cha nchi ya mbali.

Ila wewe nataka usikilize "God Only Knows", anaoimba Carl akiwa na miaka 19. Brian alimpa mdogo wake wimbo ule kwa sababu sauti ya Carl haikuwa na majivuno. Anauimba kama mtu anayesema jambo la kweli kwa mtu aliye karibu naye, hanyanyui sauti hata mara moja. Halafu subiri mwisho. Sauti tatu zinaanza kuzunguka: huyu anaanza, mwenzake anaingia kabla hajamaliza, wa tatu naye anaingia juu yao, kama watoto wanavyoimba nyimbo za kupokezana, na zinaendelea kuzunguka hadi zinafifia bila kufika mwisho. Paul McCartney wa Beatles amesema mara nyingi kwamba wimbo huo ni kati ya anaoupenda kuliko zote, na mtayarishaji wa Beatles, George Martin, alisema bila "Pet Sounds" albamu yao ya "Sgt. Pepper" isingekuwapo. Marekani albamu ilifika nafasi ya kumi tu. Uingereza ilifika ya pili, na huko ndiko walikoanza kuheshimiwa kama mafundi. Capitol wenyewe, miezi miwili tu baadaye, walitoa mkusanyiko wa nyimbo za zamani za kundi, kana kwamba wanaiomba radhi hadhira.

Mwezi Oktoba 1966 ukatoka "Good Vibrations". Uliwachukua takriban miezi saba na studio nne, kwa wimbo wa dakika tatu na nusu. Brian hakuurekodi kuanzia mwanzo hadi mwisho. Alirekodi vipande vipande, kila kimoja kwenye studio yenye mwangwi alioutaka, kisha utepe ukakatwa kwa wembe na kuunganishwa. Ukisikiliza kwa makini utahisi chumba kinabadilika katikati ya wimbo. Chelo inakwaruza chini, juu yake chombo cha umeme kinalia kama mluzi wa mtu asiyeonekana, na sauti za wale vijana zinashikilia vyote visisambaratike. Ukawa nambari moja Marekani na Uingereza.

Baada ya hapo Brian alianza "Smile", albamu nzima ya namna ile, pamoja na mwandishi wa maneno Van Dyke Parks. Haikumalizika. Alikuwa anaumwa, akisikia kichwani sauti za kumtukana, jambo alilolieleza hadharani alipokuwa mtu mzima. Dawa za kulevya zilimzidishia. Mike hakuyaelewa maneno ya Parks na alisema hivyo. Na kundi lilikuwa mahakamani na kampuni yao. Mwaka 1967 akaiacha. Wakajiondoa pia kwenye tamasha kubwa la Monterey mwezi Juni, na ghafla vijana wa Marekani wakawaona ni watu wa jana. Ndani ya miezi michache! Sauti zile zile, ndugu wale wale.

Miaka iliyofuata huwa inapitwa haraka, na ni hasara. Brian alipojifungia, wengine walikua. Carl alishika usukani. Dennis, aliyedhaniwa mpiga ngoma mwenye sura nzuri tu, akatunga nyimbo za kuumiza moyo. "Sunflower" ya 1970 ni albamu nzuri mno ambayo karibu hakuna aliyeinunua. Na Afrika iliingia humo: mwaka 1972 walijiunga Blondie Chaplin na Ricky Fataar, vijana wasiokuwa Wazungu kutoka Durban, waliokuwa kwenye bendi ambayo Carl aliisikia London. Fikiria Afrika Kusini ya miaka ile ilivyokuwa, kisha msikilize Chaplin akiongoza "Sail On, Sailor" kwenye albamu ya "Holland". Mimi nauweka wimbo huo juu ya karibu zote za mawimbi.

Mwaka 1974 Capitol walitoa mkusanyiko wa nyimbo za 1962 hadi 1965, "Endless Summer", ukashika nambari moja. Viwanja vikajaa tena, lakini watu walikuja kudai nyimbo za ujana wao. Kundi likakubali, na kwa sehemu kubwa likabaki hapo. Nambari moja yao ya mwisho, "Kokomo" ya 1988, ilipatikana bila Brian, ambaye kwa miaka ile alikuwa chini ya mwanasaikolojia aliyemtawala maisha hadi mahakama ikawatenganisha 1992.

Dennis, yule pekee aliyeijua bahari, alizama Marina del Rey tarehe 28 Desemba 1983, akiwa na miaka 39. Wakamzika baharini. Carl alifariki kwa saratani Februari 1998. Brian alirudi kwa njia ambayo hakuna aliyeitegemea: mwaka 2004, London, alisimama jukwaani na bendi mpya na kuiimba "Smile" nzima, miaka 37 baada ya kuiacha. Waliobaki waliimba pamoja tena 2012, kutimiza miaka 50. Brian alifariki tarehe 11 Juni 2025, siku chache kabla ya kutimiza miaka 83.

Utakutana na wanaomchukia Mike Love. Usikimbilie. Alipigania jina la Beach Boys, amefungua kesi nyingi, na ulimi wake ni mkali. Lakini mahakama ilikubali 1994 kwamba alishiriki kutunga nyimbo 35 bila kutajwa, na ondoa besi yake kwenye wimbo wowote wa mwanzo uone kitakachobaki. Kwaya haisimami kwa sauti ya kwanza peke yake.

Sasa la kwaya yenu. Anzeni na "Surfer Girl" wa 1963, Brian alipoanza kuandikwa kama mtayarishaji. Ni polepole, na mpangilio wake unafundishika kwa jioni mbili. Msikubali mtu aimbe kwa nguvu. Kazi yote iko kwenye irabu. Wakishaishika, nendeni kwenye "Our Prayer", uliorekodiwa 1966 uwe mlango wa "Smile" na kutolewa 1969. Hauna ala wala neno hata moja, ni vinywa tu, na unachukua dakika moja na ushee. Tafuta pia toleo la "Pet Sounds" la 1997 lenye sauti za kuimba peke yake, vyombo vimeondolewa. Vaa spika za masikioni, uufuate mstari wako wa tatu tangu mwanzo hadi mwisho, uuandike kwenye daftari kwa do re mi. Ukikwama kwenye noti za katikati za "Our Prayer", zile zinazoteleza nusu hatua kushuka, niandikie tena nikutumie nilivyozigawa kwa vijana wangu.